Pahali Palipobaki

Mama mkwe wangu alisimama nje ya geti akakataa kuingia. Mwanawe wa pekee alikuwa ndani, kwenye jeneza katikati ya sebule, chini ya dari aliyoipigilia mwenyewe, na wanawake wa kanisani wameketi mikekani wakimwimbia kwa Kiacholi. Tukampelekea kiti. Alikikalia palepale kando ya barabara, nyumba kaipa mgongo, pochi mapajani, akawa anawatazama waendesha boda wanavyopandisha mlima wa Kasubi, utadhani amekuja kusubiri usafiri.

Nilimchukia saa ile. Nalisema wazi kwa sababu baadaye nilimpenda, na sitaki mtu adhani tulianza na mapenzi. Tangu Okwera anioe, Mama Adoch alikuwa hajakanyaga ua wetu hata siku moja. Akija Kampala alifikia Bukoto kwa binti wa dada yake, nasi ndio tuliokwenda kumwamkia huko na sukari na sabuni mkononi. Hata tulipomzika mtoto wetu hakuja. Alisema kwenye simu kwamba pale hawezi kuingia, basi, akakata. Na sasa, siku ya mwanawe, bado alikuwa amekaa nje.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilikuja Kampala kufundisha Kiswahili, kazi ambayo ukiitaja mbele ya watu wa hapa wanakucheka kwanza ndipo wakuvutie kiti, maana kwao hiyo ni lugha ya askari na wezi. Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa polisi. Okwera alikaa nyuma kabisa, mrefu, mpiga trombone wa bendi ya polisi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwenye kambi za polisi. Nilipomsahihisha mara ya tatu alisimama akaniambia kwa adabu zote, "Mwalimu, Kiswahili yako imevaa tai." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, na mambo yetu yakaanzia hapo.

Nyumba ilikuwa ya baba yake, sajini wa polisi, aliyeijenga mwenyewe wakati nchi ilipokuwa bado changa. Kisha ukaja mwaka wa kuuawa askari wa kaskazini, Waacholi kama yeye. Watu wenye bunduki walimfuata humo humo ndani. Mama Adoch alitokea mlango wa nyuma na mtoto mgongoni na nguo alizovaa, akadandia malori mpaka Kitgum, kwao kaskazini. Sajini hakuonekana tena. Hakuna aliyeleta habari wala maiti. Okwera alinieleza hayo siku aliyonileta kuiona nyumba, tumesimama sebuleni tukitazama mawingu kupitia paa, na hakuyarudia tena.

Waliopita humo baada yao walikuwa wameng'oa kila kilichong'oka: milango ya mvule, mabomba, vitasa. Paa la vigae, ambavyo Kampala wanaviita mategula, lilikuwa limebonyea katikati kama godoro la zamani, na mchwa walikuwa wamepanda ukutani hadi kwenye mbao. Mimi nilitaka tupange chumba Bukoto, ghorofani, penye maji. Yeye akanishika bega. "Nataka mama yangu aingie hapa siku moja," alisema. "Akae, akunywe chai." Sikuhitaji sababu nyingine.

Basi tukaanza. Kila Jumamosi ambayo bendi haikuitwa kwenye gwaride au msiba wa mkubwa fulani, tulivaa nguo za kazi. Tulizunguka kwenye majumba ya zamani yanayobomolewa tukibembeleza vigae, na nikajifunza kukigonga kigae kwa kifundo cha kidole nikajua kama kina ufa. Madirisha ya chuma tulimpelekea Abubaker, fundi wa Katwe, ambaye alituona tumerukwa na akili kwa kuacha kununua mapya. Okwera hakusikia la mtu. Alitaka yale yale, yafunguke kwa nje vile vile, na komeo zile zile za kupindua.

Mwanzoni nilimsaidia kwa kumpenda yeye. Baadaye nikaipenda nyumba yenyewe. Mama yangu alifariki Tabora katikati ya kazi ile, na kaka zangu wakagawana vyumba, changu kikawa stoo ya mahindi. Niliporudi kutoka msibani, Okwera alikuwa amemaliza kupaka rangi chumba chetu cha kulala, nikaingia na begi langu, nikalia, nikalala usingizi mzito. Tangu hapo niliacha kusema nakaa Kampala. Nikaanza kusema kwetu Kasubi.

Kitu kimoja tu kilinishinda kuelewa, nacho ni sakafu. Kila chumba alikivunja sakafu yote, akachimba chini hadi kiunoni, na kwingine mpaka kifuani. "Ni mchwa," alisema. "Ukiua wale unaona, unajisumbua. Lazima uchimbe mpaka ufike malkia." Na kweli mchwa walikuwepo, na mara mbili tatu alimpata huyo malkia akanionyesha, mnene kama kidole gumba, akanitania kwamba amenipatia mwenzangu wa kukaa ndani bila kufagia. Lakini udongo wote aliutoa nje akauchekecha kwenye wavu, ndoo kwa ndoo. Nilimuuliza kama anachunga unga wa chapati. Alicheka. Akimaliza kuchekecha alikaa kwa muda juu ya kifusi, kisha akaurudisha udongo, akaushindilia, ndipo fundi akamwaga saruji nyekundu. Awe amempata malkia au hajampata, uso wake ulikuwa ule ule. Nikasema moyoni, wanaume na kazi zao.

Ndani palipokwisha alihamia uani. Alianzia kwenye ukuta wa jirani yetu Zuleika, akawa anakuja taratibu kuelekea barazani, mtaro baada ya mtaro. Hapo ndipo nilipojifungua.

Aol alikuja nimeshakata tamaa. Alikuwa na masikio ya baba yake, na alipenda trombone kiasi kwamba Okwera akianza mazoezi aliacha kunyonya ili asikilize. Aliishi msimu mmoja wa mvua. Homa ilimpanda, tukamkimbiza hospitali, tukarudi naye amefunikwa. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo. Zuleika alinisaidia kumwosha, na Okwera akamchimbia mwenyewe kando ya baraza, chini ya dirisha la chumba chetu, maana kwao mtoto mchanga hulazwa karibu na mama yake ili asiwe mpweke. Kaburi lilikuwa dogo mno, na koleo lake lilionekana kubwa.

Baadaye akamaliza mitaro iliyobaki, akaweka mawe ua wote. Aliacha pahali pawili tu: kaburi la Aol, na kando yake kipande cha udongo mtupu, urefu wa mtu mzima. Nilimuuliza, hapa je? "Acha kwanza," alisema. Mchwa hakuwataja tena. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, alipindua komeo ya Katwe, akasukuma dirisha, akainama nje. "Aol, umeamka?" Alisubiri kidogo, kisha akaenda kazini.

Mimi nilipanda mchaichai pembezoni mwa kile kipande, naye hakunikataza. Nilikitazama kila siku kupitia dirisha lile nikaamini nimekielewa. Aliyeacha nafasi ya urefu wake kando ya mwanawe, unamuuliza nini? Nilijua ni yake. Nikapima kwa macho nikaona upande wa pili, pembeni ya Aol, ningetosha na mimi. Wengine wangeona ni mawazo ya kutisha. Mimi nilipata faraja. Nilikuwa mgeni kila mahali, hata Tabora, na sasa nilikuwa na pahali ambapo sitahamishwa.

Kiharusi kilimkuta mazoezini, trombone mkononi. Wenzake walinipigia simu, na kabla sijapata boda wakapiga tena.

Wazee walifika kutoka Kitgum wakiongozwa na Oyat, mdogo wa baba yake. Walikuja na pikapu ya kuchukua mwili. Niliwaambia mwili hauendi popote, mume wangu ana pahali pake hapa, kando ya mtoto wake. Oyat alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba Kampala mtu anakuja kufanya kazi, hata akikaa humo maisha yake yote, na akifa anarudishwa nyumbani, kwa sababu ukoo huu tayari una mtu mmoja ambaye Kampala ilimmeza na hawakuona hata mfupa. Hawangeacha wa pili.

"Mama mwalimu," alisema, "nyumba ni yako. Hakuna mtu atagusa. Lakini mtu ni yetu."

Ningeweza kuishi bila nyumba. Niliijenga ili tuwe na pahali pa kuwa pamoja, na sasa walikuwa wananigawia mawe na vigae wakimchukua mwenyewe. Nikawaambia kama hawaniamini mimi, wamwamini yeye. Twendeni nje, nikasema, mkaone alivyojiachia nafasi. Tukatoka, wazee wote na wanawake wa mikekani, tukasimama barazani, nikawaonyesha mawe yaliyopangwa vizuri, na kaburi dogo, na ule udongo mtupu wenye mchaichai. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akaitikia kwa kichwa polepole, nami nikajua ninaanza kushinda.

Ndipo nikasikia geti.

Mama Adoch aliingia bila kuitazama nyumba. Aliukata ua moja kwa moja, pochi kwapani, akaja kusimama mbele ya kile kipande. Watu wakampisha. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akavua viatu, akaviweka pamoja.

"Okwera hakuacha hii ya kwake," alisema. "Hii ni pahali ilibaki."

Kisha akasimulia, kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Wale watu hawakumpeleka sajini popote. Baba yake Zuleika, Mnubi mzee aliyekuwa akiishi ng'ambo ya ukuta, alisikia majembe ndani ya ua huu, na alipochungulia asubuhi aliona lori likiondoka bila sajini. Hakuthubutu kusema. Baada ya miaka mingi, karibu na kufa kwake, ndipo alipomtumia Mama Adoch ujumbe. Lakini hakujua walimzika wapi. Ingeweza kuwa uani, ingeweza kuwa ndani, kwa sababu sajini alikuwa hajamwaga sakafu, vyumba vyote vilikuwa bado udongo, na saruji iliwekwa na wale waliokuja kukaa. Ndiyo maana yeye hakuingia. Aliogopa asije akamkanyaga mumewe bila kujua.

"Kila chumba mtoto yangu alinipigia simu," alisema. "Mama, hapa hakuna. Mama, na hapa hakuna. Mwisho akasema, mama, imebaki pahali moja. Nikamwambia, chimba. Akasema, siwezi. Aol yuko hapo karibu, na mama yake analala dirishani. Akiona mimi nachimba kando ya mtoto, atakufa."

Nilikaa chini juu ya mawe. Hakuna aliyenishika, na afadhali hawakunishika. Kumbe ule udongo wote, ndoo kwa ndoo kwenye wavu, na mimi nikimtania habari za chapati. Alikuwa anamtafuta baba yake, chumba baada ya chumba, akimwacha mkewe aamini ni mchwa ili asiote ndoto mbaya katika nyumba yake mpya. Na alipobakiza hatua moja tu, aliliweka koleo chini kwa ajili yangu. Alipindua komeo kila asubuhi, akaangalia pale, akanyamaza, akaenda kupiga trombone kwenye magwaride ya watu. Hakuwahi kunitaka hata nimshukuru. Nilitamani kuingia sebuleni nimwamshe.

Mama Adoch alinisubiri.

"Mimi siwezi kusema chimba," aliniambia. "Mtoto ni yako. Wewe ndiyo utasema."

Nilijua ninaulizwa nini. Nikikataa, ardhi ingebaki imefungwa, na kwa uchungu wangu ningeweza kuendelea kuigombania mpaka wazee wachoke. Nikikubali, ningekuwa nimekiri mbele ya watu wote kwamba nafasi ile haikuwa yake, wala hapakuwa na nafasi yangu kando yake, na kwamba niliyoyaona kupitia dirisha miaka yote niliyaona peke yangu. Na Aol angesumbuliwa. Niliitazama mikono ya yule mama, imelala mapajani, na pete nyembamba ya ndoa aliyoingia nayo kwenye yale malori.

"Chimbeni," nikasema. "Ila upande wa mtoto mchimbe kwa mikono."

Wakamwita mwenyekiti wa mtaa, na wenzake Okwera wa bendi, waliokuwa wamekuja msibani na sare zao nyeupe, wakavua makoti wakashika majembe. Upande wa Aol, Oyat mwenyewe alipiga magoti akachota udongo kwa viganja. Walichimba kwa uangalifu, wala hawakwenda mbali. Sajini alikuwa amelala huko tangu mwanzo, ubavuni, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mjukuu wake. Okwera angesogea kidogo tu siku ile aliyomchimbia mtoto, wangekutana.

Zuleika alileta shuka nyeupe. Walipopandisha filimbi ya chuma iliyoota kutu, na kipande cha mnyororo wake, Mama Adoch aliipokea kabla ya mtu mwingine kuigusa. Akataja namba ya mumewe ya polisi. Kisha akaipangusa kwa pindo la kitenge, akaigeuza, na namba iliyogongwa pale ilikuwa hiyo hiyo. Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa hapa," akalirudia neno hilo kwa Kiacholi.

Halafu akaingia ndani ya nyumba. Alipita chumba kwa chumba, peku, akishika kuta kwa kiganja, na sasa alikuwa anazikanyaga zile sakafu nyekundu bila woga. Kwenye chumba chetu alisimama dirishani akaipindua komeo kwa kidole kimoja, kwa desturi ya mtu aliyeizoea. Kisha akaja sebuleni, akavuta kiti karibu na jeneza la mwanawe, na nikamletea chai. Aliinywa yote. Mimi nilikaa upande wa pili wa jeneza nikimtazama, na nadhani katika maisha yangu hakuna kilichoniuma kupita kile kikombe.

Nje shimo lilikuwa wazi, urefu wa mtu mzima, kando ya Aol. Oyat aliingia akasimama mlangoni na udongo kwenye magoti. Alinieleza kwa upole kwamba wazee wameongea, na kwamba baada ya nilivyowafanyia leo, nikisema Okwera abaki, watanisikia.

Nilikuwa nimepewa nilichokiomba. Nikamtazama Mama Adoch. Alikuwa ameweka kikombe chini na anaangalia sakafu. Hakuniomba kitu. Alikuwa amemsubiri mmoja karibu maisha yake yote, na angerudi naye, na angemwacha mwingine humu humu Kampala bila kunilaumu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

"Waende wote wawili, mama," nikasema. "Wasafiri pamoja."

Tuliwazika bega kwa bega, Kitgum, kwenye shamba linalotazama vilima, na bendi ikapiga bila trombone. Mama Adoch alinishika mkono akanionyesha nafasi upande wa kushoto wa Okwera. Hii ni yako, aliniambia. Nilimshukuru na nilimaanisha. Akaniomba nikae. Nikamwambia siwezi, mtoto yuko peke yake.

Shimo tulilifukia na Zuleika kabla ya safari, kwa kuwa kaburi haliachwi wazi. Sikuliwekea mawe. Mchaichai umeota tena, na mgeni akiniuliza kwa nini pale pameachwa udongo mtupu katika ua uliopangwa vizuri hivi, namwambia acha kwanza, na kumtengea chai. Vigae havivuji. Madirisha ya Abubaker yanafunguka kwa kidole. Watu wanasema ni nyumba nzuri, na ni kweli.

Kila Jumapili baada ya misa simu inalia. Ni Mama Adoch, amepanda kichuguu kutafuta mtandao. Mimi huwa nimekaa kitandani, dirisha wazi.

"Mtoto ameamka aje?" ananiuliza.

"Ameamka salama, mama," namjibu. "Na wale wawili?"

"Wameamka."